Tumpe daktari, atatibu kila kitu? Dhana na ukweli kutoka Oregon

Kila uchaguzi ukikaribia nasikia watu wakisema: "Safari hii tumpe daktari, yeye anajua uchungu wa mgonjwa." Naielewa hamu hiyo. Aliyewahi kulaza mtu wake hospitali isiyo na dawa anaielewa pia. Lakini kauli hiyo imebeba dhana ambazo hazisimami ukizipima kwa maisha ya mtu halisi. Mtu ninayemfikiria ni John Kitzhaber, daktari wa Marekani aliyekuwa mbunge, seneta na hatimaye gavana wa Oregon.

Neno "jimbo" lisitupoteze. Kwa Mtanzania, mbunge wa jimbo huenda Dodoma kutunga sheria za nchi nzima. Oregon ni jimbo kwa maana nyingine: lina bunge lake mjini Salem, lenye wawakilishi 60 na maseneta 30, na lina bajeti na gavana wake. Mwanasiasa wa jimbo hana kiti Washington.

Dhana: Akiingia siasa, koti jeupe limetundikwa.

Kitzhaber alimaliza udaktari mwaka 1973, akafanya kazi katika idara ya dharura huko Roseburg, mji wa wakata mbao kusini mwa Oregon. Alichaguliwa kuwa mwakilishi mwaka 1978, akaingia Seneti miaka miwili baadaye, na toka 1985 hadi 1993 alikuwa Rais wa Seneti hiyo. Miaka ile bunge lilikutana kwa kawaida mara moja tu kila miaka miwili, hivyo aliendelea kutibu. Alikuwa akipitisha bajeti Salem, kisha anarudi Roseburg kuwapokea watu waliochelewa kutibiwa kwa kukosa bima.

Dhana: Daktari hawezi kumnyima mgonjwa matibabu.

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ninapotaka tukae.

Mwaka 1987 bunge la Oregon liliacha kulipia upandikizaji mwingi wa viungo kwa watu wa Medicaid, mpango wa serikali unaowalipia matibabu maskini. Fedha hizo zilielekezwa kwingine, ikiwemo huduma kwa wajawazito. Kabla mwaka haujaisha, mvulana wa miaka 7 mwenye saratani ya damu alifariki huku familia yake ikichangisha fedha za kupandikiza uboho. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni. Rais wa Seneti aliyeutetea uamuzi ule mbele ya kamera alikuwa daktari.

Wengi walimwona mkatili. Mimi nadhani alikuwa amegundua jambo ambalo wodini halionekani. Daktari huapa kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yake. Mwenye kupanga bajeti analazimika kumhesabu pia yule ambaye hajafika, mjamzito wa kijijini ambaye hana kamera wala jina gazetini. Hoja ya Kitzhaber ilikuwa kwamba mgao ulikuwepo siku zote, ila ulifanyika kimyakimya kwa kuwaacha watu nje ya bima kabisa. Kama ni kugawa, tugawe huduma hadharani, tusigawe watu.

Kutokana na hoja hiyo mwaka 1989 zilipitishwa sheria zilizozaa Mpango wa Afya wa Oregon. Iliundwa tume ya watu 11: madaktari 5, muuguzi wa afya ya jamii, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na wananchi 4. Kazi yao ilikuwa kupanga magonjwa na matibabu yake kwa umuhimu, kisha bunge lichore mstari pale fedha zinapoishia.

Dhana: Mtaalamu akishapiga hesabu, jibu limepatikana.

Orodha ya kwanza, ya mwaka 1990, ilitegemea mno fomula ya gharama na manufaa. Ikatoa maajabu: kufunika jino kulipangwa juu ya upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, hali inayoua. Tume ikaitupa na kuanza upya. Ilikuwa pia imesikiliza wananchi katika mikutano 47 kote jimboni, ingawa wengi waliohudhuria walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Maskini hasa waliohusika walikuwa wachache, na hilo ni doa. Orodha ya 1991 ilikuwa na mistari 709, kila mmoja ukiwa na ugonjwa na tiba yake, na bunge likakubali kulipia hadi mstari wa 587.

Hata hapo jimbo halikuweza kuanza peke yake, kwa kuwa Medicaid hulipiwa kwa ubia na serikali kuu. Agosti 1992 Washington ilikataa kutoa kibali, ikisema orodha ilikiuka haki za watu wenye ulemavu. Baada ya marekebisho kibali kilitoka Machi 1993, na mpango ukaanza Februari 1994. Zaidi ya watu 100,000 ambao hawakuwa na bima waliipata.

Wanaosema mpango ule uliwanyima maskini huisahau idadi hiyo. Wanaosema ulifanikiwa moja kwa moja nao husahau yaliyofuata. Kitzhaber alitoka madarakani Januari 2003 baada ya mihula miwili ya ugavana, uchumi ukiwa umeyumba, na maelfu wakapoteza bima. Mwaka 2008 jimbo liliendesha bahati nasibu: watu wapatao 90,000 walijiandikisha kugombea nafasi 10,000 hivi.

Aliporudi kuwa gavana mwaka 2011, ujuzi wake wa wodini haukumwokoa na kila kitu cha afya. Tovuti ya jimbo ya kuuza bima, Cover Oregon, ilikula mamilioni ya dola na haikumwandikisha mtu hata mmoja mtandaoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Wala heshima ya taaluma haikuwa kinga. Februari 2015 alijiuzulu kutokana na maswali kuhusu mikataba ya ushauri ya mchumba wake. Uchunguzi wa serikali kuu uliisha 2017 bila mashtaka, lakini tume ya maadili ya jimbo ilimtoza faini ya dola 20,000 mwaka 2018.

Dhana: Udaktari unahusu wizara ya afya tu.

Mwaka 1996 na tena 1997, Oregon iliwaua wafungwa wawili waliohukumiwa kifo, ambao walikuwa wameacha kukata rufaa. Gavana alikuwa Kitzhaber, aliyekula kiapo cha kutodhuru, na hakuzuia. Novemba 2011 mfungwa mwingine aliyetaka hukumu yake itekelezwe alisubiri siku yake. Safari hii Kitzhaber alisimamisha utekelezaji wote kwa muda wake wote madarakani, akikiri hadharani kwamba maamuzi yale mawili aliyajutia tangu alipoyafanya. Gavana aliyemfuata, Kate Brown, aliendeleza zuio hilo, na Desemba 2022 akabadilisha hukumu za kifo zote 17 zilizobaki kuwa kifungo cha maisha.