Kichanga Hunywa, Kinamo Humwaga

Masika yakikaribia, huulizwa bonde fulani litashusha maji kiasi gani. Kabla ya kuuliza habari za mvua, mimi huuliza: hapo pana udongo gani?

Mkulima wa Unguja hukujibu papo hapo: kichanga, kinongo, kinamo (udongo wa mfinyanzi), maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe). Majina hayo ni elimu kamili ya maji. Wataalamu wa hifadhi ya udongo wa Marekani, miaka ya 1950, waliupanga udongo katika makundi manne kwa wepesi wake wa kunywa maji, kuanzia A unaokunywa upesi mpaka D unaokunywa polepole. Kichanga kirefu nakitia A. Kinamo cha makonde ya mpunga kama ya Cheju, D. Kinongo, ule udongo mwekundu unaokalia mawe, siupangi kwa macho. Nazamisha kipande cha bomba, namimina maji, natazama kwenye rula yanavyoshuka. Uliokanyagwa na ng'ombe na uliolimwa juzi haunywi sawa.

Ukishajua udongo na kilichoota au kujengwa juu yake, jedwali la wataalamu hao linakupa namba: ikiwa kubwa, maji mengi zaidi hutiririka. Msitu mzuri juu ya kichanga hukaribia 30. Bati na lami ni 98. Gawa 25,400 kwa namba hiyo, toa 254: unapata milimita ambazo ardhi inaweza kuzizuia. Sehemu ya tano ya kiasi hicho huishia kwenye majani, vidimbwi na udongo wenyewe kabla tone halijatiririka.

Chukua mvua ya milimita 80. Ukimaliza hesabu kwa fomula yao, penye namba 50 zinatiririka milimita 3 tu, kwani udongo huendelea kunywa mvua ikinyesha. Penye 85, karibu 44. Katika kilomita moja ya mraba, hiyo ni tofauti ya mita za ujazo 3,000 na 44,000, kwa mvua ile ile! Ndiyo maana kila shamba linalogeuzwa viwanja vya nyumba hunitia wasiwasi kwa walio bondeni. Na ardhi ikiwa tayari imelowa, namba 75 hupanda mpaka 88, kwa hiyo mvua ya wiki ya tatu ya masika siihesabu kama ya kwanza.

Pemba, yenye vilima na mabonde membamba, kiasi peke yake hakitoshi. Maji hufika chini upesi, na fomula hii haisemi yatafika saa ngapi. Mteremko lazima uhesabiwe kando.

Unguja tatizo ni jingine. Mto Mwera hauendi baharini juu ya ardhi. Unazama kwenye mawe ya matumbawe. Ramani ya vilima inakuonyesha dakio la juu, yaani eneo ambalo mvua yake hukusanyika mtoni, lakini chini ya mawe maji yana njia zao. Panapoanza maweni sizitegemei namba za jedwali. Nafuata mkondo kwa miguu mpaka unapozama, kisha nawauliza wazee wa hapo: mwaka wa mvua kubwa, maji yalijaa mpaka mnazi upi?