Umetetea tasnifu Ujerumani? Bado hujawa Dakta

Wengi huamini kwamba ukishatetea tasnifu yako ya sosholojia na jopo likasema umefaulu, unatoka mlangoni ukiwa Dakta. Kwa Ujerumani, bado. Unatakiwa kuichapisha kwanza: ama kwa mchapishaji wa vitabu, ambako gharama mara nyingi ni zako, ama kwenye hifadhi ya mtandaoni ya maktaba ya chuo. Ukitimiza hilo ndipo unakabidhiwa cheti, na cheti ndicho kinachokupa haki ya cheo. Vitivo vingine huruhusu “Dr. des.” (yaani Dakta mteule) kwa muda. Ukijiandika “Dr.” mapema, unacheza na kifungu cha 132a cha sheria ya jinai, kinachoadhibu kujipa cheo usicho na haki nacho. Ile kofia ya mzaha wanayokutengenezea wenzako siku ya utetezi, ivae tu.