Kupimwa presha si kutibiwa presha

Wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani wanapokuja Moshi au Arusha kujitolea, meza za vipimo zikapangwa uwanjani, wengi huamini kwamba foleni ikiwa ndefu ndipo watu wengi wamesaidiwa. Sivyo. Kipimo peke yake hakimtibu mtu.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya wataalamu Wilson na Jungner vya kuamua lini inafaa kuwapima watu wasiojisikia wagonjwa, na kimojawapo kinataka huduma za uchunguzi kamili na matibabu ziwepo.

Chukua presha. Mama ametembea juani, amefika tu anafungwa kipimo juu ya sweta huku akijibu maswali ya mkalimani. Mashine inasoma 152/94. Huenda ni uchovu tu! Alipaswa kukaa ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usiofunikwa na nguo ukiwa usawa wa moyo, bila kuongea. Hata akipimwa vizuri, presha ya kupanda huthibitishwa namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90, katika siku mbili tofauti. Siku ya pili atapimwa na nani?

Mwanafunzi ana kazi halali hapa: kuandikisha watu, kupanga foleni, kupima akisimamiwa. Kutoa dawa si kazi yake. Mimi naiamini kambi ya vipimo ambayo muuguzi wa zahanati ya jirani yuko mezani tangu asubuhi, na majina ya wenye presha yanaingia kwenye daftari lake pamoja na tarehe ya kurudi.