Bamba moja, picha nyingi: yanayosemwa kuhusu picha za tindikali

Mwezi wa saba Mbeya, mlima Loleza ukiwa bado umejifunika ukungu, karakana yangu ya kuchapa picha haikosi wageni. Sijidanganyi, wengi hufuata joto la jiko ninalopashia mabamba. Wanaota moto, wanatazama kazi, na wanasema. Haya ndiyo wanayoyarudia zaidi.

"Ni kama mhuri tu." Kumbe ni kinyume chake. Mhuri huchongwa herufi zibaki juu, wino ukae mgongoni mwake. Hapa bamba la shaba nyekundu hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha likazamishwa kwenye tindikali. Nta ilipotoka, shaba inaliwa na kuwa vijifereji. Wino hushindiliwa humo, juu pakafutwa, ikalazwa karatasi yenye unyevu, na rola za mashine zikaibana hadi iuchote wino. Ukiipapasa picha, mstari unausikia umevimba. Na kila kitu hutoka kimegeuka: niliwahi kuandika "Mwanjelwa" kwenye bamba nikasahau hilo. Soko lilisomeka kwa kioo.

"Bamba likishaliwa, mchoro umekwisha." Hapo ndipo kazi inapokolea. Msanii huchapa moja, akaitazama, akarudi kwenye bamba: akaongeza mistari na kulizamisha tena, au akakwangua na kusugua hadi sehemu ikawa laini. Bamba likibadilishwa kisha likachapwa, zinazotoka huitwa hali mpya: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. (Kubadili karatasi au rangi ya wino hakuhesabiki. Bamba ndilo libadilike.)

Rembrandt, yule Mholanzi wa karne ya 17, alikuwa haridhiki. Picha yake ya mwaka 1655, Kristo akionyeshwa kwa umati, ina hali 8. Hakutumia hata tindikali. Aliikwaruza shaba moja kwa moja, na ukingo laini wa shaba ulioinuka kando ya mstari ukashika wino na kutoa weusi wa mahameli. Katika hali za mwanzo watu wamesongamana mbele ya jukwaa. Baadaye aliwakwangua wote! Palipokuwa na umati pakabaki ukuta wenye matao mawili ya giza, na wewe mtazamaji ndiye unayesimama mbele ya Kristo.

"Hizo za mwanzo ni rasimu." Baadhi ya chapa za mwanzo za picha hiyo alizitoa kwenye karatasi ya Japani, iliyokuwa ghali. Nani anaharibu karatasi ya namna hiyo kwa rasimu?

"1/20 ni bora kuliko 18/20." Namba hizo, yaani chapa ya ngapi kati ya ishirini, mara nyingi huandikwa picha zikishakauka, bila kujali ipi ilitangulia. Ila wasemao hivi hawajakosea kabisa: bamba huchoka. Ule ukingo wa shaba ulioinuka hulala mapema, baada ya chapa chache tu, wakati mistari iliyoliwa na tindikali huvumilia zaidi.

"Msanii akifa, bamba nalo limekufa." Goya, msanii wa Uhispania, alifariki mwaka 1828, na mabamba 80 ya mfululizo wake wa Maafa ya Vita yakachapishwa mwaka 1863. Bamba la Rembrandt linaloitwa la gilda mia (gilda ni fedha ya zamani ya Uholanzi) liliangukia mikononi mwa Baillie, kapteni wa jeshi aliyekuwa pia mchoraji. Alilichora upya, akalichapa, kisha akalikata vipande vinne na kuvichapa kimoja kimoja. Mimi naona ni ukatili, ingawa pengine bila yeye lingeyeyushwa.

"Fuata vipimo, utapata kilekile." Mwambie hayo mtu wa Dar. Kwa baridi yetu tindikali hula polepole na wino hukaza kama ugali uliolala, ndiyo maana ya lile jiko. Julai mmoja nilizamisha bamba la Loleza kwa dakika nilizozoea kiangazi. Mistari ikatoka myembamba kama nywele, mlima ukawa kivuli tu. Nilichapa tatu kwa hasira, nikalipaka nta upya, nikalirudisha. Sasa liko hali ya nne, mlima umekaa imara, kila bonde liko mahali pake.

Mama jirani alizitazama zote, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ya kwanza ndiyo mlima wetu wa asubuhi." Akaichukua. Nimebaki na mbili.