Akiba Huoza: Tunayoambiana Kuhusu Kupanga Nyumba na Malengo ya Mwaka Mpya

Kaskazi imeshaingia Tanga. Asubuhi ya leo nimepita Makorora nikateremka mpaka barabara za Ngamiani, kila uani magodoro yameegeshwa ukutani na mikeka imetandazwa juani. Ni majira yake. Vuli imekwisha, masika hayaji mpaka Machi, na hapo katikati tunapata wiki kadhaa za jua kali na upepo. Watu wakiulizwa wanasema wanasafisha kwa ajili ya mwaka mpya. Marehemu bibi yangu hakutumia neno hilo. Alisema, "Wajukuu zangu, kaskazi hii, anikeni."

Kila Januari tunaambiana mambo kuhusu kupanga nyumba na kuweka malengo, na mengi si kweli. Yananiuma kwa sababu yanawafanya watu wenye bidii wajione wavivu. Mwenzangu mmoja amelia mbele yangu akisema yeye hana nidhamu, na mimi namwona kila siku anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Tatizo lake halikuwa nidhamu. Alikuwa anafuata kanuni zisizo na ukweli.

"Weka tu, akiba haiozi"

Chungulia mvunguni mwa kitanda cha nyumba yoyote mtaani kwetu, pamoja na nyumba yangu ya zamani. Utakuta shangazi kaja limejaa nguo za mtoto ambaye sasa yuko sekondari, feni isiyozunguka, viatu vya harusi ya mtu. Ukitaka kutoa, mkubwa mmoja atakuzuia kwa methali hiyo.

Methali ni nzuri, na waliotuachia walikuwa na maana yake. Ila katika hewa ya pwani, vitu vinaoza. Ukungu hauhitaji maji yanayotiririka. Unatosheka na unyevu wa hewani na kitu cha kula, nacho ni pamba, ngozi, mbao, karatasi, hata vumbi. Tanga unyevu upo karibu mwaka mzima. Doti ya kanga ikikunjwa ingali na unyevu kidogo tu ilipotolewa kwenye kamba, ikafungwa ndani ya mfuko wa nailoni, inaingia kawa, na yale madoa meusi hayatoki kwa sabuni wala kwa jua. Soli ya kiatu inakatika ingawa hakijavaliwa. Boksi la karatasi lililowekwa sakafuni linaita mchwa.

Vyeti vyangu vya shule vilikwenda hivyo. Boksi lilikaa pembeni mwa ukuta miaka mitatu, na kwa juu lilionekana zima kabisa. Nilipolinyanyua, chini yake ulikuwa udongo.

Dawa nazo tunaziweka akiba. Vidonge vya mtoto vilivyobaki, dawa ya maji iliyofunguliwa tangu mwaka juzi. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za joto, na mchana wa Februari hapa kwetu unapita hapo. Antibayotiki zilizobaki hazikupaswa hata kubaki, maana dozi humalizwa kama daktari alivyoandika. Zipeleke duka la dawa ukawaulize namna ya kuziteketeza, na usimpe jirani.

Kwa hiyo kitu unachokiweka bila kukitumia wala kukianika kinakupotea polepole, na wakati huohuo kinampotea yule ambaye angekitumia leo. Januari ndiyo wakati wake. Shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita wakaongezwa mwaka 2022, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Sketi ya shule iliyo mvunguni kwako, mwezi huu kuna mama anaitafuta.

"Nikinunua makontena, nyumba itapangika"

Hapana. Kontena la plastiki lenye kifuniko ni zuri kwa unga na mchele, kwa sababu linazuia panya na wadudu. Kwa nguo linafunga unyevu ndani pamoja na nguo. Na kabla ya hilo, kontena halipunguzi kitu hata kimoja, linakificha tu. Nimeona nyumba zilizonunua makontena kumi na baada ya miezi miwili zina vurugu ileile, safari hii ina vifuniko. Toa kwanza. Kinachobaki ndicho kitakachokuambia unahitaji chombo gani, na mara nyingi kapu la ukindu lenye kupitisha hewa linatosha.

Wengine husema tatizo ni udogo wa nyumba. Siwezi kumwambia mtu anayelea watoto wanne katika chumba na sebule kwamba nafasi si shida. Ni shida ya kweli. Ila hata humo, kitu kinakaa vizuri pale kinapotumika kuliko pale kinapopendeza. Mbuzi ya kukunia nazi ikae karibu na anapokaa mkunaji. Ukiiweka juu ya kabati ili jiko lionekane kama la kwenye picha, kesho itakuwa sakafuni tena.

"Mama anajua kila kitu kilipo"

Tunalisema kama sifa. "Mama, soksi zangu ziko wapi?" "Kwenye begi jekundu, nyuma ya mlango." "Mama Fulani, ile risiti ya umeme?" "Ndani ya kopo la majani, mume wangu." Kila mtu anasifu kichwa cha mama.

Hiyo si nyumba iliyopangwa. Ni nyumba iliyokaririwa na mtu mmoja, na mtu huyo anachoka. Fanya jaribio hili: mama akilala hospitali ya Bombo siku mbili na mtoto mgonjwa, je, baba anaweza kupata kadi ya bima, kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa bila kupiga simu? Kama hawezi, basi anzia hapo kabla hujagusa kabati la vyombo. Cheti cha kuzaliwa kinaulizwa mtoto akiandikishwa shule, akiomba kitambulisho cha taifa, akiomba mkopo wa elimu ya juu, akitaka pasi ya kusafiria. Ni karatasi moja inayomfuata mtu maisha yake yote, na sisi tunaikunja ndani ya mkoba wa harusi.

Faili moja la plastiki linatosha. Liweke juu, mbali na sakafu na mbali na ukuta unaovuja. Ndani: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, mkataba wa nyumba, risiti za kodi ya pango, vyeti vya shule. Piga picha kila karatasi kwa simu, na ziwe kwenye simu mbili. Kisha kaa na mumeo, kaa na mtoto mkubwa, waonyeshe. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja analijua faili letu lilipo, na najisikia nimeutua mzigo ambao sikujua naubeba.

"Siku 21 na tabia imeshajengeka"

Hili linasambazwa kwenye simu kila Desemba, na ndilo limewavunja moyo wengi kuliko yote. Chanzo chake kinajulikana. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya baada ya upasuaji. Alisema angalau. Alizungumzia kuzoea sura kwenye kioo, wala hakuzungumzia kufagia uani kila alfajiri. Maneno yalipopita mdomo hadi mdomo, "angalau" likadondoka njiani.

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96, kila mmoja akichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda au kutembea kidogo. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo lifanyike bila kujisukuma. Makadirio ya mtu na mtu yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Hesabu kutoka tarehe 1 Januari: siku 66 zinakufikisha wiki ya kwanza ya Machi, mawingu ya masika yakikaribia. Siku 254 zinakufikisha Septemba. Kwa hiyo mtu anayejiona ameshindwa tarehe 22 Januari, huenda ndiyo kwanza yuko theluthi ya njia.

Na jambo jingine walilolikuta lingepaswa kubandikwa ukutani: kuruka siku moja hakukuharibu. Mtoto akiugua, msiba ukitokea Pongwe, ukalala huko, tabia haivunjiki kama chungu. Unaendelea kesho yake.

"Malengo ya mwaka mpya ni maneno tu"

John Norcross na wenzake wa University of Scranton, Marekani, waliwafuatilia watu wa aina mbili kwa simu: walioweka azimio la mwaka mpya, na waliotaka kubadili jambo lilelile lakini hawakuweka azimio. Baada ya miezi sita, asilimia 46 ya walioazimia walisema bado wanaendelea vizuri. Katika kundi la pili, asilimia 4. Utafiti ulichapishwa mwaka 2002. Ni Wamarekani, na ni watu kujisemea wenyewe, kwa hiyo tusiuchukulie kama hesabu ya Tanga. Lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kusema azimio ni kazi bure.

Uswidi nako watu zaidi ya elfu moja walifuatiliwa mwaka mzima, matokeo yakatoka mwaka 2020. Waliolenga kufanya jambo walifanikiwa karibu asilimia 59, na waliolenga kuacha au kuepuka jambo asilimia 47. Hapa najifunza namna ya kusema. "Sitapoteza pesa ovyo" ni lengo lisilo na mkono wala mguu. "Kila Ijumaa nampelekea kijumbe hela ya mchezo kabla ya saa sita mchana" ni lengo unaloweza kulishika. Mchezo wetu wa kina mama, ule wa kuchanga hela kwa kijumbe na kupokezana, unawafanikisha watu kwa sababu una siku, una kiasi, na una macho ya wenzako. Tusiudharau kwa kuwa haufundishwi kwenye makongamano.

"Andika tu lengo lako, litatimia"

Wanaofundisha mafanikio hupenda kisa cha wahitimu wa chuo cha Yale wa mwaka 1953, eti asilimia 3 walioandika malengo yao wakaja kuwa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja. Wengine wanakihamishia Harvard. Waandishi wa habari walikitafuta chanzo chake miaka ya 1990 na utafiti wenyewe haukupatikana. Haukufanyika.

Kuandika bado ni kuzuri. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kilichothibitika zaidi ni kazi ya Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliyeonyesha kwamba lengo hutekelezwa zaidi likifungwa kwenye wakati na mahali: likitokea hili, nitafanya lile. Unalitundika lengo jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Nikishabandika chai, nakunja nguo za jana wakati maji yanachemka. Nikirudi kutoka soko la Mgandini, sarafu ya mia tano inaingia kibubuni kabla sijalitua kapu. Mume wangu akirudi na baiskeli, ufunguo unakwenda kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Yule mwenzangu wa vitumbua hakuhitaji kuamka mapema zaidi. Alihitaji daftari la mauzo likae kwenye kapu la vitumbua, aandike akiwa bado amekaa pale barazani anapouzia, badala ya kusubiri usiku ambapo mwili umeshachoka.

"Usipoanza Januari mosi, umeshachelewa"

Kwa watu wa pwani, kuliamini hili ni kuisahau historia yetu. Mwaka wa Waswahili wa jua ulihesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, na ukaanza kwa Nairuzi. Makunduchi kule Unguja bado wanauoga mwaka huo kila Julai, ndiyo Mwaka Kogwa. Mwaka wa Hijria unaanza Muharramu, na kila mara unatangulia kwa siku kama 11 kwenye kalenda hii ya Januari. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mkulima wa Muheza mwaka wake unaanza na mvua.

Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hupata msukumo mpya mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa muhula, na baada ya siku ya kuzaliwa. Jumatatu yoyote inafaa. Tarehe ya kupokea mshahara inafaa. Siku ya kuhamia nyumba mpya inafaa sana, kwa sababu vitu bado havijapata mazoea ya kukaa vibaya.

Mwenzangu wa vitumbua ameniambia ataanza Jumatatu ijayo, na daftari ameshalinunua. Mimi Jumamosi hii natoa sanduku la bati la bibi, nafungua kifuniko, naanika kila doti uani mpaka alasiri. Zilizokwisha kuingia kawa zitakuwa matambara ya kufutia. Mbili nitampa binti yangu azivae sasa, zikiwa bado na rangi.