Mkuu wa Shule na Funguo Asizopewa

Matokeo ya mitihani yakitoka, anayepigiwa simu kwanza ni mkuu wa shule. Kumuuliza si vibaya, kwani anasimamia fedha za umma na watoto wa watu. Shida ni kwamba anaulizwa kuhusu milango ambayo funguo zake hanazo: walimu huletewa, bajeti hupangiwa, na mtaala mpya humkuta ofisini kama mgeni asiye na taarifa.

Marekani ililipeleka jambo hili mbali. Sheria ya No Child Left Behind, iliyotiwa saini Januari 2002, ilitaka wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka, na ifikapo 2014 wote wawe wamefikia kiwango. Wote kabisa, asilimia 100! Shule iliyokosa lengo mwaka baada ya mwaka iliongezewa adhabu, hadi kusukwa upya. Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine, iliyoyarudishia majimbo sehemu kubwa ya maamuzi.

Ubaya wa kupima kwa namba moja unaonekana vizuri zaidi mezani kwa mkuu. Tuseme shule inapimwa kwa asilimia ya waliofaulu, na alama ya kufaulu ni 50. Zimebaki wiki nane, na amepata mwalimu mmoja wa ziada wa hisabati. Ampeleke wapi? Mwanafunzi mwenye alama 47 akifika 51, namba ya shule imepanda. Mwenye 14 akifika 38 amepanda mlima, lakini kwenye ripoti bado ameanguka vilevile. Mwenye 80 atajitegemea. Basi majina ya walio mpakani yanapigiwa mstari, na mwalimu anakabidhiwa hao. Mimi simlaumu mkuu huyo. Amepiga hesabu ileile aliyowekewa.

Shinikizo likizidi, wengine huvuka mstari. Mwaka 2011, uchunguzi wa jimbo la Georgia, hukohuko Marekani, uliwahusisha waelimishaji 178 wa shule za Atlanta, 38 kati yao wakuu wa shule, na udanganyifu katika mitihani ya 2009. Majibu ya watoto yalikuwa yamefutwa na kujazwa upya.

Halafu kuna muda. Kila mageuzi huja na fomu zake. Mkuu anatakiwa akae nyuma ya darasa kipindi kizima, kisha azungumze na mwalimu faraghani kuhusu alichokiona. Asubuhi hiyohiyo mwalimu mmoja hajafika, mzazi amesimama mlangoni, na taarifa inadaiwa kabla ya saa nne. Darasa ndilo linaloahirishwa, maana hakuna anayepiga simu kulidai.

England, tangu Septemba 2024, wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, wameacha kuipa shule ya umma hukumu ya jumla ya neno moja. Ni hatua, ingawa kubadili cheti hakumpi mkuu muda wa kuwaandaa walimu kabla mtaala mpya haujaanza.

Ukiwa mjumbe wa bodi ya shule au mzazi kikaoni, usiridhike na asilimia ya ufaulu. Omba uone walioanza chini kabisa walikuwa na alama ngapi mwaka jana na wana ngapi sasa. Kisha muulize mkuu ni lini mara ya mwisho alikaa darasani kipindi kizima, na nini kilimzuia wiki hii.