Paka Anayewashwa: Kabla Hujamwandikisha Kwenye Utafiti wa Dawa

Paka anayewashwa si lazima umwone akijikuna. Wengi hujilamba, tena usiku mkiwa mmelala, nyuma ya gunia la mahindi au chini ya kochi, mpaka tumbo na mapaja ya ndani yanabaki bila nywele. Mwenyewe anafika kliniki na kusema, "Daktari, paka wangu ananyonyoka." Ukimuliza kama anajikuna, anakataa kabisa. Basi unang'oa nywele chache ukingoni mwa kipara na kuziweka chini ya hadubini. Nywele iliyodondoka yenyewe ina ncha nyembamba inayochongoka. Hizi zimekatika butu, kama uzi uliokatwa kwa meno. Ulimi wa paka ndio ulioziondoa.

Naanza na hilo kwa sababu utafiti wa dawa ya mwasho hupima mwasho, na anayeupima siku baada ya siku ni wewe unayelala naye nyumba moja. Mimi daktari namwona paka nusu saa kila wiki mbili, akiwa ameogopa na amejikunyata mezani. Akiogopa hajikuni. Kwa hiyo kazi kubwa ya utafiti hufanyika nyumbani kwako, na sehemu yake ngumu zaidi huja wiki nane hivi kabla ya dozi ya kwanza.

Kwanza jiridhishe kwamba utafiti wenyewe ni halali. Hapa Kenya mtafiti anatakiwa awe na kibali cha NACOSTI, taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, pamoja na idhini ya kamati ya maadili inayohusika na wanyama. Daktari anayemgusa paka wako lazima awe kwenye rejista ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Dawa ambayo haijasajiliwa nchini inapitia kwa Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Uliza nambari za vibali na uziandike. Mtafiti wa kweli hakasiriki kuulizwa. Kwa kawaida zimeandikwa juu ya fomu ya ridhaa. Ukiwa Nakuru, chuo chenye kitivo cha tiba ya mifugo kilicho karibu ni Egerton, pale Njoro. Ukiwa Kisumu au Kakamega, safari ya kwenda Kabete, kwenye kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ni ya siku nzima, kwa hiyo uliza mapema ni ziara ngapi na nani analipa nauli.

Sasa viroboto. Tafiti za mzio wa ngozi humtaka paka ambaye mwasho wake hautokani na viroboto, upele wa utitiri, choa wala chakula. Mzio halisi wa mazingira hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Unafikiwa kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na viroboto ndio wa kwanza. Kisumu kuna joto mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Nakuru usiku ni baridi, lakini ndani ya nyumba viroboto wako sawa tu.

Kumwangalia paka kwa macho hakutoshi, maana paka mwenye mzio hujilamba mpaka akawameza viroboto wote. Tafuta kinyesi chao. Mweke paka juu ya karatasi nyeupe, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu kuanzia kiunoni hadi shina la mkia, kisha angalia vumbi jeusi lililodondoka. Lidondoshee maji. Udongo wa kawaida utabaki kijivu au mweusi. Kinyesi cha kiroboto kitasambaa kama wino mwekundu wa kahawia, kwa sababu ni damu iliyokauka. Punje moja tu inayotoa rangi hiyo inatosha.

Viroboto wazima unaowaona ni kama asilimia 5 tu ya walio nyumbani. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na vifukofuko vilivyojificha kwenye nyufa za sakafu, mikunjo ya kochi na magunia. Kifukofuko kinaweza kungoja miezi kadhaa mpaka kihisi mtikisiko au joto la mwili. Ndiyo maana dawa moja ya shingoni haitoshi. Mtibu kila mnyama wa nyumbani, mbwa, paka wa pili na hata mbuzi wanaolala karibu na jikoni, kwa sababu kiroboto wa paka huwapanda mbuzi na ndama pia. Rudia kwa ratiba ya dawa husika, nyingi zikiwa za kila wiki 4, kwa angalau miezi 3 bila kuruka hata mara moja. Matandiko anayolalia paka yafuliwe kwa maji moto. Sakafu ya udongo ifagiliwe kila siku, na takataka zichomwe, zisiachwe mlangoni.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Usimtie paka dawa ya mbwa yenye permethrin. Ini la paka haliwezi kuivunja. Ataanza kutetemeka masikio na uso, kisha degedege, na anaweza kufa. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitraz, hata ukiipunguza kwa maji mengi. Na ile ivermectin ya sindano ya mifugo ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kiasi ambacho daktari angempa paka wa kilo 4 ni kama mililita 0.08, yaani tone dogo linalohitaji sirinji ya insulini. Anayempima kwa sirinji ya ng'ombe na kumpa mililita 1 amempa zaidi ya mara kumi. Hawa ndio paka wanaoletwa wakiwa wamelegea, hawaoni, mboni zimepanuka.

Upele wa utitiri unajitangaza zaidi. Ule wa utitiri aina ya Notoedres huanza kwenye kingo za masikio, ngozi inakuwa nene na yenye magamba ya kijivu, kisha unashuka usoni. Utitiri wa masikio huacha nta nyeusi kama masalia ya kahawa. Daktari atakwangua ngozi kwa wembe na tone la mafuta ya parafini, na mara nyingi majibu ni ya dakika kumi. Choa huchukua muda. Taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, inaonyesha baadhi tu ya maambukizi ya Microsporum canis, kuvu wa choa, yaking'aa kijani, kwa hiyo taa isipoonyesha kitu bado unapaswa kuotesha nywele maabara hadi wiki 3. Kama watoto nyumbani wana mashilingi (choa) kichwani, sema mapema.

Kinachowaondoa paka wengi ambao wangefaa ni sindano. Mazungumzo huwa hivi:

"Umempa dawa yoyote miezi hii miwili?"

"Hapana, daktari. Ni ile sindano tu ya kuzuia kuwashwa."

Sindano hiyo aghalabu ni steroidi ya muda mrefu, methylprednisolone acetate. Inazima mwasho kwa wiki kadhaa, na kwa paka wengine inaweza kuamsha kisukari. Utafiti utakutaka ungoje wiki 6 hadi 8 baada yake. Vidonge vya prednisolone au ciclosporin kwa kawaida ni wiki 4. Dawa za mafua na mzio za binadamu ni wiki 1 au 2, ingawa kila utafiti una orodha yake na hiyo ndiyo ya kufuata. Kama hujui alichodungwa, rudi kwa aliyemdunga uombe jina na tarehe. Kuficha hakukusaidii: paka ataonekana amepona kwa dawa mpya kumbe anaishi kwa ile ya zamani, na wiki ya tano atalipuka upya.

Kuhusu chakula, hapa kwetu tatizo lina jina: omena. Samaki, nyama ya ng'ombe na kuku ndivyo vyakula vinavyotajwa zaidi katika mzio wa chakula wa paka, na paka wa Kisumu anaweza kuwa amelelewa kwa omena na ugali tangu kuachishwa ziwa. Ili kuondoa shaka, anakula chakula kimoja tu kwa wiki 8: ama chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa, ama nyama ambayo hajawahi kuila. Sungura ndiye rahisi kupatikana Nakuru. Nyama ya sungura iliyochemshwa peke yake haimtoshi, kwa sababu inapochemshwa taurini, kirutubisho cha nyama ambacho paka hawezi kukikosa, hupotea kwenye mchuzi, na paka akikosa taurini kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Daktari akupangie nyongeza.

Majaribio ya chakula huvunjika kwa vitu vidogo. Mtoto anamwangushia kipande cha mandazi. Jirani anamwekea maziwa dirishani. Paka mwenyewe anakamata panya ghalani. Paka asiyeweza kufungiwa ndani kwa wiki 8 hawezi kufanya jaribio hili kwa uaminifu, na ni afadhali useme hivyo siku ya kwanza. Mwambie mama wa jirani pia, kwa heshima, kwamba ni amri ya daktari. Atakuelewa kuliko ukimkataza tu.

Siku ya kuandikishwa, mlete asubuhi kabla ya jua kali, ndani ya kreti au kikapu chenye mfuniko kilichofungwa kwa leso. Kwenye boda boda kikapu kiwe katikati yako na dereva, kisiwe mkononi. Atapimwa uzito, atatolewa damu ya mililita 2 au 3, kiasi kidogo kwa paka wa kilo 4, na mara nyingi atapimwa virusi vya FIV (vya upungufu wa kinga kwa paka) na FeLV (vya leukemia ya paka). Ikiwa dawa inapunguza kinga, mfano ciclosporin ambayo hutolewa kwa miligramu 7 kwa kila kilo kwa siku, asile nyama mbichi wala kuwinda, kwa sababu ya kimelea cha toksoplasma.

Kisha daktari hupima vidonda. Kipimo kinachoitwa SCORFAD huangalia aina nne: mabaka mabichi yaliyoinuka, michubuko ya kichwa na shingo, vipara vya kujilamba, na vipele vidogo vya mgongoni ambavyo unavihisi kwa vidole kama chembe za mchanga kabla hujaviona. Wewe unapewa mstari wa 0 hadi 10. Ukipewa mistari miwili, mmoja wa kujikuna na mwingine wa kujilamba, usiichanganye. Ajaze mtu mmoja, saa ileile, bila kuchungulia alichoandika jana. Baba akijaza Jumatatu na binti Jumanne, tofauti yao itaonekana kama kazi ya dawa.

Baadhi ya paka watapewa dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, na si wewe wala daktari atakayejua nani kapewa nini. Watu wengi hulalamikia hili na ninawaelewa, maana mnyama anateseka. Lakini mwasho hupanda na kushuka wenyewe, na mwenye paka anayetumaini huona nafuu hata pasipo na dawa. Bila kundi hilo hatuwezi kutenganisha dawa na matumaini. Unachopaswa kudai ni vitu viwili vilivyoandikwa kwenye fomu: paka akizidiwa atapewa dawa gani ya kuokoa na kwa alama ipi, na kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu.

Kidonge kikimezwa kikavu kinaweza kukwama kooni na kuchoma, hivyo fuatisha maji mililita 5 polepole kwa sirinji pembeni mwa mdomo. Akitapika, andika saa na usirudie dozi kabla ya kupiga simu. Usitupe chupa wala vidonge vilivyobaki, kwa sababu vitahesabiwa. Usimvishe kola ya plastiki bila kuuliza, kwani paka mwenye kola hajilambi, na alama zako za wiki hiyo hazitatumika.

Ziara ya mwisho usiondoke bila barua yenye tarehe ya dozi ya mwisho, uzito wa paka na nambari ya utafiti. Dawa yenyewe huenda wasikutajie mpaka siri ifunguliwe kwa paka wote, lakini daktari wako wa kawaida akiwa na barua hiyo anaweza kuwapigia na kuuliza kabla hajampa steroidi.